Kuchagua Riwaya ya Klabu ya Wasomaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila klabu ya wasomaji imewahi kupata mwezi ambao wote wamekisifu kitabu, na kikao kikaisha kahawa ikiwa bado ya moto. Majibu haya ni ya anayechagua riwaya ya mwezi ujao na hataki hayo yajirudie. Mifano mingi ni ya riwaya za Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya, kwa sababu ndizo tunazozisoma zaidi. Tahadhari: visa vya baadhi ya vitabu vitafichuka humu.

Riwaya nzuri si ndiyo inayoleta mjadala mzuri?

Si lazima. Zipo riwaya unazozimaliza kwa usiku mmoja, ukazipenda, na ukiulizwa useme nini juu yake huna zaidi ya "tamu sana". Riwaya ya kujadiliwa ni ile ambayo mhusika anaamua jambo zito, mwandishi anajizuia kumhukumu, na watu wawili wenye busara zao wanausoma uamuzi uleule wakatoka na majibu yanayogongana.

Chukua *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa angali kigori kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempa hifadhi ni Mwajuma, rafiki yake wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja. Hapo anapendana na Denge, mpinzani wa wakoloni anayewindwa na polisi wa Kiingereza. Mwishowe Denge hayupo, na Yasmin anaolewa na Bukheti. Uliza swali moja tu: je, Yasmin amemwacha Denge, au Denge ndiye aliyemwacha Yasmin siku nyingi, pale alipoichagua siasa? Kisha nyamaza. Kuna watakaosema mapenzi ya kweli husubiri. Kuna watakaouliza asubiri nini, na kwa ahadi ya nani. Mwandishi haingilii, na hiyo ndiyo hazina ya kitabu hiki.

Linganisha na *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952). Ukishakutana na ndugu wawili wanaoitwa Hasidi na Mwivu, huhitaji kusubiri sura ya tano ili ujue nani atamtendea nani ubaya. Wapenzi wa Shaaban Robert mtanisamehe, mimi pia ni mmoja wenu, lakini vitabu vyake vingi vya namna hii vinakuja na hukumu iliyokwisha kuandikwa. Ukiamua kukisoma klabuni, waache wema na uovu wa majina, nenda moja kwa moja kwenye viboko: Adili ameamriwa kuwachapa kila usiku nduguze waliogeuzwa manyani, na anatii huku roho inamuuma. Mtu anayetekeleza adhabu asiyoipenda kwa kuwa ameamriwa ana lawama au hana? Hapo hata kitabu cha maadili kinaanza kupumua.

Nitaijuaje riwaya ya aina hiyo kabla sijaisoma yote?

Watafute watu wawili walioisoma, kila mmoja kwa wakati wake, na umwombe kila mmoja akusimulie kisa kwa dakika tatu. Wakisimulia mamoja, iache. Mmoja akianza na "ni habari ya msichana aliyepotea" na mwingine "ni habari ya baba mkatili", na kumbe wanazungumzia kitabu kimoja, umeshapata.

Kama huna watu hao, soma kurasa thelathini za mwanzo, kisha ujiulize kama yupo mhusika ambaye hujaamua kumpenda au kumchukia. Maelezo ya jalada la nyuma usiyategemee, yameandikwa ili kuuza.

Hiki tulikisoma sekondari. Kuna haja gani ya kukirudia?

Swali hili tunaulizwa kuliko yote, na lina sababu. Wasomaji wengi wa riwaya za Kiswahili walikutana nazo darasani. Wakenya wana *Siku Njema*, *Utengano*, *Kidagaa Kimemwozea* au *Chozi la Heri*, kutegemea mwaka waliofanya mtihani wa kidato cha nne. Watanzania wengi wa kidato cha tano na sita walipita kwenye *Kufikirika*, *Mfadhili* na hiyohiyo *Vuta N'kuvute*. Kwa hiyo kitabu kikitajwa tu, mtu anakumbuka mwalimu, daftari lenye vichwa vya "dhamira", "wahusika", "mandhari", na lile swali la kutoa hoja tatu kutoka katika kila riwaya.

Shida haimo kitabuni. Shida ni kwamba watu wanakuja kikaoni na majibu ya mtihani. Utasikia "mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha nafasi ya mwanamke katika jamii", watu wanatikisa kichwa, na mazungumzo yamekufa pale pale. Dawa yetu ni sheria ndogo: katika nusu saa ya kwanza, hakuna kutamka "dhamira", "ujumbe" wala "falsafa ya mwandishi". Unataja mtu, tendo, na ulivyoliona. Anayeteleza anaosha vikombe. Walimu wa Kiswahili ndio wanaoosha mara nyingi.

Na kukirudia kuna faida yake. Mtu aliyeisoma *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) akiwa na miaka kumi na saba aliisoma akiwa upande wa Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na Bwana Maksuudi, baba anayeheshimika nje na kutisha nyumbani. Akirudi nayo akiwa na arubaini na tano, ana binti anayeomba simu na ruhusa ya kwenda kulala kwa rafiki. Hapo anaanza kumtazama Maksuudi kwa wasiwasi mwingine, na Tamima, mama mtu, ambaye zamani alikuwa kivuli tu kitabuni, anaanza kuuliziwa: alijua nini, na angeweza kufanya nini?

Bora kikundi kiwe mchanganyiko: waliosoma shuleni na wanaokisoma mara ya kwanza. Hawa wa pili ndio huuliza maswali ambayo wenzao walikatazwa kuuliza.

Mnasema mhusika asiyehukumiwa. Mnaweza kutuonesha mjadala wa namna hiyo unavyokwenda?

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na kuna wakati ilizuiwa mashuleni Tanzania kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo ya mwili. Rosa analelewa Ukerewe na baba mlevi na mkali, Zakaria. Anapata kichapo kwa ajili ya barua ya mvulana. Akitoka nyumbani kwenda shule, kisha chuo, anaanguka katika maisha ya wanaume wengi, na mwisho wake ni wa kusikitisha.

Tulipoisoma, mzee mmoja mstaafu alifungua kwa kusema Zakaria alikuwa na makosa ya pombe, ila nia yake kwa binti ilikuwa njema. Dada mmoja muuguzi akamjibu: "Mzee wangu, shikamoo yako iko palepale, lakini nia njema haiachi alama mgongoni." Mzee akacheka, akauliza: "Na wale wadogo zake Rosa, waliolelewa nyumba ileile, kwa nini hawakupita njia yake?" Basi. Swali hilo lilitupeleka saa nzima, kwa sababu lilimlazimisha kila mtu kurudi kitabuni kutafuta Rosa alitendewa nini ambacho wenzake hawakutendewa, na ni wapi alichagua mwenyewe. Hakuna aliyesema "mwandishi anatufundisha kwamba".

Angalia kilichotokea: mzee alikuwa na hoja halisi, muuguzi alikuwa na hoja halisi, na kitabu kilikuwa na ushahidi wa kutosha kwa wote wawili. Kitabu kikiwa na ushahidi wa upande mmoja tu, mnaishia kukubaliana, na kukubaliana hakuhitaji kikao.

Iwe na kurasa ngapi?

Kwa kikao cha mwezi, kati ya kurasa 120 na 250. Zaidi ya hapo gawa mara mbili. Mwezi wa Ramadhani au wa mitihani ya watoto chagua fupi, kama *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), ambayo ni fupi na bado inauma.

Vipi riwaya ngumu kama *Nagona*?

Uchache wa kurasa usikudanganye. *Nagona* (1990) na ndugu yake *Mzingile* (1991), zote za Kezilahabi, hazina kisa kinachotembea barabarani. Ni safari ya fikra, na msomaji aliyezoea *Rosa Mistika* hatamtambua mwandishi. Usianze nazo. Klabu iliyokaa pamoja mwaka mzima inaweza kuzijaribu kwa namna hii: msizungumzie kitabu kizima. Chagueni sura moja, mmoja aisome kwa sauti pale pale, kila mtu aseme sentensi iliyomkwama kooni. Asiyeelewa aseme hajaelewa bila haya, maana hata aliyeelewa anakisia.

Riwaya za upelelezi zinafaa?

Watu huzidharau, halafu ndizo wanazozimaliza. Tatizo lake ni moja: muuaji akishajulikana, mjadala umekwisha. Njia ya kulikwepa ni kusimama kabla ya mwisho. Kwa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla (1960), riwaya ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, tulikubaliana kila mtu asome na aache sura za mwisho. Kikaoni kila mmoja akaandika jina la anayemshuku kwenye kikaratasi pamoja na sababu. Sababu ndizo zilizokuwa na utamu: watu walijikuta wakitetea kwa nini walimwamini huyu na kumshuku yule, na nyingi zilihusu kabila, cheo na namna mtu anavyozungumza, yaani Unguja ya wakati ule ikajitokeza yenyewe bila mhadhara wa historia.

Tafsiri zinaruhusiwa, au lazima kitabu kiwe kimeandikwa kwa Kiswahili?

Zinaruhusiwa, na wakati mwingine ndizo bora. *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota 2022, imewapa wasomaji wa Kiswahili mwandishi wa Unguja aliyepata Nobeli mwaka 2021 akiwa ameandika kwa Kiingereza miaka yote. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayechukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, yaani kama ndugu wa baba yake, na baadaye ndipo anapojua kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa klabu ya Pwani, neno "ami" peke yake linatosha kuwasha moto: huyu si ami yako, anaambiwa, na bado anaendelea kuishi naye. Tendo lake la mwisho kitabuni sitalisema. Litoshe kwamba sijaona watu wawili walioafikiana juu yake.

Nyingine ni *Barua Ndefu Kama Hii* ya Mariama Bâ wa Senegali, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Marafiki wawili wanaletewa wake wenza. Mmoja, Aïssatou, anaondoka. Mwingine, Ramatoulaye, anabaki. Kama klabu yenu ina walioolewa, waliotalikiana na wanaume wawili watatu, andaeni kahawa ya kutosha.

Wanachama wengine hawakukulia Unguja wala Mombasa. Kiswahili cha riwaya kinawashinda.

Ni kweli, na si kosa lao. Mwenzetu aliyekulia Bukavu au Lubumbashi, au kijana aliyezaliwa London kwa wazazi wa Pemba, anaweza kuzungumza Kiswahili siku nzima na bado akakwama kwenye maelezo ya harusi au jahazi yaliyojaa msamiati wa visiwani. Riwaya kadhaa zina sherehe mwishoni, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, itazameni kabla ya kuamua. Kwa kikundi cha namna hiyo ningeanza na Ken Walibora, *Siku Njema* (1996). Lugha yake ni pana lakini inabeba, na safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake inampa Mkenya na Mtanzania kila mmoja upande wake wa mpaka. Kijana aliyekulia ughaibuni naye hatahitaji kuelezwa maana ya kumtafuta mzazi usiyemjua katika nchi usiyoijua.

Jambo jingine dogo: ruhusuni kujadili kwa Kiswahili cha kila mtu. Mtu akianza kusahihishwa ngeli katikati ya hoja, mwezi ujao hamtamwona.

Kuna mambo ya faragha, dini au siasa. Tuyakwepe?

Msiyakwepe, bali jueni mnakaa na nani. *Rosa Mistika* mbele ya mama mkwe ni mtihani ambao si lazima kila mtu aufanye. Klabu moja ninayoijua huwatenganisha wanawake na wanaume kwa nusu saa ya mwanzo pale kitabu kinapogusa chumbani, kisha wanaungana. Mwanzoni nililiona jambo la kizamani. Sasa naona wanazungumza kwa uwazi kuliko sisi tunaojidai wa kisasa.

Siasa ya karibu ina uzito wake wa peke yake. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi (1978) inahusu Zanzibar ya mashamba ya mabwana na Mapinduzi ya 1964. *Haini* (2003) inaingia katika kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume, Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini wakati huo. Ukivisoma vitabu hivi Dodoma au Nakuru, ni riwaya. Ukivisoma Unguja, au Muscat walikokimbilia wengi, chumbani kuna mtu ambaye babu yake yumo kwenye habari hizo, upande huu au ule. Hapo mwenye kuongoza kikao awaulize watu mapema, kwa faragha, na aanze na mhusika badala ya tukio. Katika *Kasri*, mhusika huyo ni Kijakazi, mtumishi aliyechakaa kwa kumtumikia Fuad na ambaye, hata dunia ilipopinduka, moyo wake bado ulikuwa kwa bwana wake. Kwa nini? Ni utiifu, ni mazoea, ni woga, au ni mapenzi? Wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumishi wanaweza kukaa meza moja na kulizungumza swali hilo. "Mapinduzi yalikuwa halali?" hawawezi, angalau si kwa kikao cha kwanza.

Nani achague: mwenyekiti, kura, au zamu?

Zamu. Kura huleta kitabu ambacho hakuna anayekichukia, na kitabu cha hivyo mara nyingi hakuna anayekipenda pia. Mwenye zamu alete vitabu viwili, aeleze kila kimoja kwa dakika mbili, kikundi kikatae kimoja. Aliyechagua asiongoze mjadala, kwa sababu atakuwa anakitetea kitabu chake kama mzazi kwenye kikao cha shule.

Nakala hazipatikani. Tufanye fotokopi?

Hapana. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili anapata kidogo sana hata kitabu kikiuzwa. Dar es Salaam ulizieni duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, au kwa wachapishaji wenyewe kama Mkuki na Nyota. Nairobi jaribuni Text Book Centre. Mikoani, agizeni nakala zote kwa pamoja na zitumwe kwa basi, gharama mkagawana. Kwa sababu hiyo kitabu kichaguliwe miezi miwili kabla, si wiki mbili. Matoleo ya zamani huadimika ghafla, kwa hiyo hakikisha nakala zipo kabla hujatangaza kwenye kundi la WhatsApp. Na kama mnatumia matoleo tofauti, tajeni sura, msitaje ukurasa, la sivyo robo ya kikao itapotea kwa "kwangu hiyo iko ukurasa wa 88".

Wengine hawasomi, wanaangalia filamu.

*Vuta N'kuvute* imetengenezewa filamu na Amil Shivji, iliyotoka 2021, na ni nzuri. Itumieni kama kikao cha pili: nini kimeachwa, na nani amenyanyuliwa au kupunguzwa. Asiyesoma akija na filamu kichwani mwake kikao cha kwanza atajulikana ndani ya dakika kumi. Mwacheni akae asikilize.

Nikifungua kikao niulize nini?

Usiulize "mmekionaje kitabu?" Utajibiwa "kizuri". Uliza lenye tendo ndani yake. Ni wapi ulifunga kitabu kwa hasira? Nani kitabuni usingependa awe mkwe wako, na kwa tendo gani? Sura ya mwisho ikiondolewa, hadithi inabadilika nini? Jitayarishe na maswali matatu tu, na la tatu pengine hutalifikia.

Tuambieni basi kitabu kimoja cha kuanzia.

Kama kikundi ni cha watu wazima wanaofahamiana, *Rosa Mistika*. Kama hamjafahamiana, au kuna tofauti kubwa ya umri, *Vuta N'kuvute*: ina mapenzi, polisi, taarabu na siasa, kila mtu atapata pa kushika, na nakala zake hupatikana kwa urahisi kuliko nyingi. Kama wengi wenu mnaishi nje na Kiswahili kimeanza kuchakaa, *Siku Njema*. *Nagona* isubiri mwaka wa pili.